Mwanzo si chanzo: tuulize upya kuhusu Maji Maji

Mwaka huu darasani tulisoma Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa 1969. Tulipoulizwa Vita vya Maji Maji vilianzaje kule Tanzania, ng'ambo ya ziwa letu, karibu sote tulijibu jambo moja: Kinjeketile aligawa maji, watu wakaamini, wakainuka. Jibu lile tulilitoa jukwaani, si katika historia. Mwandishi mwenyewe anatahadharisha katika utangulizi kwamba Kinjeketile wa mchezo wake ni wa kubuni. Sisi wanafunzi wa lugha tuliuruka ukurasa huo.

Wanahistoria nao hawajakubaliana. Gavana von Götzen, aliyeitawala koloni ya Wajerumani vita vilipozuka, alitoa kitabu mwaka 1909 akiwatupia waganga lawama ya kupanga njama. Maelezo hayo yalimfaa: kosa likiwa la waganga, basi si la kodi, wala la pamba, wala la kiboko.

Miaka ya 1960, John Iliffe na Gilbert Gwassa wa Dar es Salaam waliwasikiliza wazee. Kwa masimulizi hayo, vita vilianza Nandete, katika milima ya Umatumbi, mwishoni mwa Julai 1905, pale Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela walipong'oa miche ya pamba. Kitendo hicho kilikuwa tangazo la vita. Maji ya Kinjeketile, yaliyokuwa yakigawiwa Ngarambe tangu 1904, yaliwaunganisha watu ambao hawakuwahi kupigana pamoja.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 wakaja wengine. Thaddeus Sunseri alitazama njaa, nguruwe mwitu waliokula mazao, na sheria za misitu na uwindaji. Akasema huenda watu walimwendea mganga kwanza kutafuta mvua na mavuno, si vita. Jamie Monson alionyesha kwamba upande wa Iringa na Kilombero uhasama na mapatano ya zamani kati ya watawala ndiyo yaliyoamua nani apigane na nani abaki.

Nani yuko sahihi? Naona sehemu ya ugomvi huu ingepungua kama swali lingeulizwa kwa Kiswahili. Lugha yetu inatenganisha mwanzo na chanzo. Mwanzo una siku na mahali: Nandete, Julai 1905. Chanzo hakina siku moja, na kinaweza kuwa tofauti kila kijiji. Ukimwuliza Mmatumbi chanzo, atakuonyesha shamba la pamba. Ukimwuliza mtu wa Kilombero, atakutajia jirani yake. Wote wawili wanasema kweli.

Mwenzangu mmoja alinipinga: "Basi kila mtu ana ukweli wake, na Götzen pia?" Hapana. Wajerumani walimnyonga Kinjeketile tarehe 4 Agosti 1905, siku chache tu baada ya pamba kung'olewa. Kama vita vingekuwa njama ya mganga mmoja, vingelegea pale pale. Badala yake vilienea hadi Mahenge na Songea, na havikuzimwa kabisa hadi 1907. Hesabu ya Wajerumani ilikuwa watu 75,000 waliokufa. Gwassa alikadiria 250,000 hadi 300,000, wengi wao kwa njaa iliyofuata mashamba kuchomwa moto. Watu wengi hivyo hawaingii hatarini kwa ajili ya chupa ya maji peke yake.

Hapa ndipo mwanafunzi wa lugha ana kazi yake. Katika masimulizi ya Umatumbi kuna neno njwiywila: habari ya siri inayonong'onezwa kutoka sikio hadi sikio. Neno hilo moja linatuambia kwamba kabla ya Nandete kulikuwa na minong'ono, na kwamba watu waliipokea, wakaipima, wakaipeleka mbele wenyewe. Ukilitafsiri kwa "amri" au "njama", umemrudisha Götzen kwa mlango wa nyuma.

Jambo hili si la Tanzania tu. Mwaka 1964 mji wetu, wakati huo Albertville, uliingia mikononi mwa waasi, na wapiganaji walitaja "Mai Mulele" wakitumaini risasi zitageuka maji. Leo neno Mai-Mai tunalisikia kila mwezi. Wageni wanaotuandika hupenda kuanzia kwenye maji hayo, kana kwamba imani ndiyo iliyozaa vita. Wakishasema hivyo, hakuna anayeulizwa tena habari ya ardhi, mishahara, uporaji, wala nani aliuza bunduki. Lawama inabaki kwa mganga, na wengine wanakwenda kulala.

Kwa hiyo nawaomba wenzangu wa kitivo chetu watakaoandika kazi za mwisho juu ya masimulizi ya wazee. Mzee akisema juu ya vita, mwulizeni maswali mawili, kila moja kwa wakati wake: vilianza siku gani, na vilitokana na nini. Andikeni jibu kwa lugha aliyolisemea, iwe Kitabwa, Kiluba, Kiholoholo au Kiswahili chetu cha hapa, kabla ya kuligeuza Kifaransa. Na mzee wa pili akitoa mwanzo mwingine, msimsahihishe. Mwandikeni naye.