WANABENDI WA KAZINI NA VITUKO VYAO

Karani wa forodha anapoketi mezani pake Jumatatu asubuhi, kalamu sikioni na uso umemkunjamana, ni vigumu kuamini kwamba ndiye aliyeonekana Jumamosi usiku amepiga goti mbele ya spika, gitaa kifuani, shati limelowa jasho. Lakini ndiye. Mchana hugonga mihuri, usiku hugonga nyuzi. Watu wa namna hii hupatikana katika bandari, vituo vya polisi, hospitali na kambi, na mwambao wa kaskazini wa Cabo Delgado, kuanzia Mocímboa da Praia mpaka Palma na Quionga, unawatambua kwa mbali. Safu ya leo inawatazama mmoja mmoja, na mwishoni inagusa jambo ambalo si la kuchekea.

ASILI YAO

Bendi za kazini si jambo la juzi. Mwishoni mwa karne ya 19 vijana wa mwambao wa Kenya walianza ngoma ya beni, wakiiga gwaride na matarumbeta ya majeshi. Vita Kuu vya 1914 hadi 1918 vikaieneza, maana askari na makarani wa pande zote mbili waliichukua kila walikokwenda. Vyama viwili, Marini na Arinoti, vilishindana katika miji mingi, hata Lindi, kaskazini ya mto Ruvuma. Wanachama walijipa vyeo: huyu Jenerali, yule Mfalme. Mtumishi aliyefokewa mchana kutwa aliweza jioni kupigiwa saluti na mtaa mzima.

Baada ya uhuru wa Tanganyika mwaka 1961, kazi hiyo ilishikwa na ofisi, viwanda na majeshi. Chama cha wafanyakazi NUTA kiliunda NUTA Jazz mwaka 1964. Chama kilipogeuka kuwa JUWATA, bendi nayo ikabadili jina. Baadaye ikaitwa OTTU, na hatimaye Msondo Ngoma. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na Urafiki Jazz, Umoja wa Vijana ukawa na Vijana Jazz, Shirika la Bima likawa na Bima Lee, na Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, ikaja kuwa chini ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam. Wenye sare hawakubaki nyuma: palikuwa na Mwenge Jazz ya jeshi, Polisi Jazz, Magereza Jazz, na Kimulimuli ya JKT. Upande wa kusini, Redio Msumbiji nayo ilikuwa na bendi yake mjini Maputo, Grupo RM.

Kila bendi ilijivunia mtindo wake: Msondo wa NUTA, Sikinde wa Mlimani Park, Vangavanga wa Polisi. Mawimbi ya redio hayahitaji hati ya kuvukia Ruvuma, na muziki wa dansi ulikuwa kwa lugha ambayo watu wa Palma wanaisikia vyema. Basi si ajabu kwamba katika sehemu za kazi palizuka vijana waliodhani kwamba wanachokosa ni gitaa tu.

SASA TUWATAZAME

Kumcheka jirani bila kumvunjia heshima ni desturi ya huku. Katika ngoma ya mapiko, Wamakonde huchonga barakoa zinazoigiza watu wa kila tabia, na mwenye kuigizwa hapaswi kununa. Kwa hiyo mwanabendi atakayejiona humu na asinune.

Mpiga solo. Huyu ndiye bwana harusi wa bendi. Hukaza nyuzi kwa dakika 40 kabla ya kuanza, na wimbo wa kwanza ukiisha hutangaza kwamba gitaa limelegea. Akiulizwa kwa nini sauti yake inawameza wenzake wote, hujibu kwamba spika zao ndizo mbovu. Ofisini barua hukaa mbele yake majuma mawili bila majibu. Lakini wimbo mpya akiusikia redioni saa mbili usiku, kufikia saa nne ameunasa wote. Kuna mkuu wa kazi aliyewahi kushauri kwamba barua nazo ziwe zinaimbwa.

Mpiga ridhimu. Huyu ni mtu wa subira. Hupiga kile kile tangu saa tatu usiku mpaka saa tisa, wala hakuna anayemtunza hata senti. Akinyamaza kidogo tu, wachezaji hukanyagana. Aghalabu ni mwalimu wa shule ya msingi, aliyezoea kurudia jambo moja mara nyingi kwa siku bila kupandisha hasira.

Mpiga besi. Mara nyingi ni mtunza bohari. Ni mkimya kama bohari lenyewe, na maneno yake ni haba kama vipuri vilivyomo. Katika mkutano wa bendi hukaa nyuma kabisa, na neno lake la pekee husemwa mwishoni: "Posho?" Watu humdhania amelala jukwaani. Hakulala, anahesabu walioingia bila kulipa.

Mpiga dramu. Askari polisi. Mguu wake wa kulia ulifunzwa gwarideni, na hauwezi kusahau. Wimbo wa mapenzi wa polepole ukifika mikononi mwake, hugeuka kuwa maandamano ya kupokea mgeni wa serikali. Huzipiga dramu kama mtu anayevunja mlango wa mshukiwa. Mwanawe wa miaka minne anajua kuhesabu vizuri sana: moja, mbili, moja, mbili. Tatu hajawahi kuisikia.

Mpuliza tarumbeta. Koplo wa jeshi, ambaye kazi yake ya mchana huanza kabla ya mchana: ndiye anayeiamsha kambi. Tarumbeta inayolaaniwa alfajiri ndiyo ile ile inayoshangiliwa usiku. Husimuliwa kwamba asubuhi moja, usingizi ungali machoni, koplo alipuliza dansi mahali pa wito wa kuamka, na kambi nzima ikatoka mahemani ikicheza. Kisa hiki husimuliwa juu ya kila mpuliza tarumbeta wa jeshi, na kila mmoja hukana kwamba ni yeye.

Mpuliza mdomo wa bata. Hivyo ndivyo watu walivyoipa jina saksofoni, nayo hukaa vizuri mikononi mwa mwuguzi wa hospitali. Mapafu anayo. Wagonjwa huwaambia kwa upole wapumzike mapema, walale saa mbili usiku. Kisha yeye mwenyewe huwanyima usingizi kutoka ukumbi wa jirani mpaka jogoo awike.

Mwimbaji. Kwa kawaida ni dereva. Siku za mazoezi hana sauti, ana mafua, anatafuna tangawizi. Siku ya kugawana mapato mafua humwacha ghafla. Shida yake kubwa iko nyumbani. Akitunga wimbo wa kumsifu mwanamke, na jina lililomo si la mkewe, hapana budi atoe maelezo. Na jina likiwa la mkewe, mkewe atauliza mbona sifa hizo huzisikia ukumbini tu. Mwimbaji mwenye busara hutunga juu ya mama mzazi. Huenda hiyo ndiyo siri ya wingi wa nyimbo za mama katika muziki wa dansi.

Katibu wa bendi. Huyu hapigi chombo chochote isipokuwa mhuri. Lakini ndiye mwenye ufunguo wa ghala, ndiye mwenye daftari, na ndiye anayejua ni nani aliyekopa posho ya mwezi ujao. Bendi yenye mpiga solo hodari na katibu mzembe haimalizi mwaka. Bendi yenye mpiga solo wa wastani na katibu mwaminifu huzeeka.

MWANABENDI ASIYEANDIKWA

Katika orodha zote hizo kuna mmoja ambaye jina lake halitajwi. Ndiye aliyeshona mashati kumi ya rangi moja kwa kitambaa kilichotosha mashati manane. Ndiye anayeyafua na kuyapiga pasi. Ndiye anayebaki na watoto usiku wa dansi, na kuamka na watoto hao hao asubuhi huku baba amelala. Mke wa mwanabendi huzijua nyimbo zote kabla ya ukumbi kuzisikia, maana zimetungwa juu ya kichwa chake wakati anapokuna nazi. Mara nyingi ndiye msahihishaji wa kwanza: neno likilegea, husema kutoka jikoni, "Hapo umedanganya," na mtunzi hubadilisha.

Huyu ana haki ya kuuliza swali moja ambalo wanabendi hawapendi kuulizwa: fedha za Jumamosi ziko wapi siku ya Jumapili?

JAMBO LISILO LA KUCHEKA

Nguvu ya bendi za kazini ilikuwa hii: mwajiri alinunua vyombo, akawapa wapigaji mshahara na mahali pa kufanyia mazoezi. Kijana asiye na uwezo wa kununua hata waya mmoja wa gitaa aliweza kupiga gitaa zuri. Lakini udhaifu ulikuwa humo humo. Gitaa lilikuwa la mwajiri. Anayehama kazi aliliacha ukutani na kuondoka na vidole vyake tu. Mashirika yalipodhoofika, na mengine kubinafsishwa katika miaka ya 1990, bendi nyingi zilikufa pamoja na mafungu yaliyozilisha.

Mfano wa Muhiddin Maalim Gurumo unatosha. Alikuwa miongoni mwa waimbaji wa NUTA Jazz tangu mwanzo wake mwaka 1964, na sauti yake ilijulikana Afrika Mashariki nzima. Alipotangaza kustaafu mwaka 2013, baada ya zaidi ya miaka 50 ya kuimba, ilifahamika kwamba muziki haukumpatia hata usafiri wake mwenyewe. Mwanamuziki kijana, Diamond Platnumz, ndiye aliyemzawadia gari. Gurumo alifariki Aprili 2014. Zawadi ile ilikuwa ya heshima. Lakini haifai mzee aliyewachezesha watu nusu karne angoje ukarimu wa kijana ili apande gari.

Kwa mwambao wa Cabo Delgado jambo hili lina uzito zaidi. Mocímboa da Praia ilishambuliwa Oktoba 2017, ikatekwa Agosti 2020, na ikakombolewa na majeshi ya Msumbiji na Rwanda Agosti 2021. Palma ilishambuliwa Machi 2021. Watu walikimbia na walichoweza kubeba kichwani, na hakuna akimbiaye na dramu. Waliorudi walianza na paa, kisima, mashua na shule, na ndivyo ilivyopasa. Lakini mji ambao askari, mwuguzi na karani hawakutani popote isipokuwa kwenye foleni na kwenye kizuizi cha barabarani bado haujarudi sawasawa. Raia anayemwogopa askari aliye na bunduki barabarani humzoea akimwona Jumamosi amekosea mapigo na kuchekwa na watoto. Kwa kazi hiyo, dramu moja chakavu yaweza kufaa kuliko hotuba nyingi.

YAFAAYO KUFANYWA

Basi sehemu ya kazi inayotaka kuanzisha bendi, au kufufua ile iliyokufa, na izingatie mambo machache.

Kwanza, kila chombo kiandikwe daftarini: kimenunuliwa lini, kwa fedha ya nani, na nani anakitunza. Chombo cha mwajiri kiitwe cha mwajiri, na chombo ambacho mpigaji amekinunua kwa jasho lake kiandikwe kwa jina lake, asije akanyang'anywa siku ya kuhama.

Pili, mapato ya ukumbi yagawanywe mbele ya wote usiku ule ule, na sehemu moja iwekwe akiba kwa ajili ya mgonjwa, mfiwa na mzee. Mgao ukisubiri Jumatatu, hupungua njiani.

Tatu, wimbo uandikwe jina la mtunzi. Tanzania ilipitisha sheria ya hakimiliki mwaka 1999, ambayo kwayo iliundwa COSOTA. Lakini sheria haiwezi kumtetea mtunzi ambaye jina lake halikuandikwa popote. Karatasi moja yenye tarehe na saini, ikihifadhiwa na katibu, yaweza kuwafaa watoto wa mtunzi baada ya miaka 30.

Nne, kila mpigaji awe na mwanafunzi mmoja. Askari huhamishwa, mwalimu huhamishwa, na barua ya uhamisho haimsubiri mpiga besi amalize wimbo.

Tano, ratiba ya mazoezi ijulikane nyumbani, na mke apewe nafasi ya kukaa mlangoni kupokea viingilio. Bendi zilizojaribu kuwatumia wanaume peke yao katika kazi hiyo zinajua ni marafiki wangapi huingia bure.

Mwanabendi wa kazini hatakuwa tajiri, na aghalabu hatakuwa hodari sana. Mpigaji wa dramu ataendelea kupiga gwaride, na mpiga solo ataendelea kulaumu spika. Hayo yavumiliwe. Lisilovumilika ni mtu kutoa usiku wake wa miaka 20 kwa ajili ya furaha ya wenzake, kisha akarudi nyumbani mikono mitupu, hana chombo, hana akiba, wala jina lake haliko katika wimbo alioutunga. Daftari la katibu laweza kulizuia hilo, nalo halina bei kubwa.