MAKAO YETU: Bunduki ya muti na rangi nyeusi



Jioni moja nilitoka kwenye maombi, nikakuta mutoto wangu wa miaka 11 nyuma ya jikoni. Alikuwa amechonga bunduki ya muti, nzuri kabisa. Alipasua pile mbili za radio, akachanganya unga wao mweusi na uji wa muhogo, akaipaka. Jua lilikuwa linazama. Kweli, hata mimi baba yake nilishituka.

Nikamwuliza: « Sababu gani nyeusi? »

« Papa, ifanane na ya kweli. »

Hapo ndipo hatari iko. Sisi wa Maniema tunakumbuka mwezi wa 10, mwaka 1998, vita ilipoingia Kindu. Soda wa bariera, usiku, hatakuja kugusa kwanza kama ni muti. Na si kwetu tu. Kule Cleveland, Marekani, tarehe 22 mwezi wa 11, 2014, polisi alimupiga risasi Tamir Rice, mutoto wa miaka 12, aliyekuwa na bunduki ya mchezo. Alama ya rangi ya machungwa, inayoonyesha kwamba si ya kweli, ilikuwa imeondolewa. Akafa kesho yake.

Kuna mchezo wa wakubwa wa kupigana kwa vidonge vya rangi, ulianza Marekani mwaka 1981. Bunduki yake ya kwanza ilikuwa chombo cha kazi tu, cha kutia alama kwenye miti na ng'ombe. Wengi wanazipaka zao nyumbani rangi wanazopenda. Basi rangi inasema kitu. Tuchague inasema nini.

Sikuvunja ile bunduki. Kuvunja kazi ya mikono ya mutoto ni kuvunja moyo wake. Alinawa mikono kwa sabuni, maana unga wa pile si mzuri kwa kinywa na macho. Kisha tuliisugua kwa majani ya msasa, tukaipaka udongo mweupe ule wa nyumba. Nikamwambia: hata hivi, isitoke lupango.

Wazazi, mutoto akichonga bunduki, musianze na fimbo. Mumuulize: « Mutu akikuona mbali, unataka afikiri nini? »

Wangu alinyamaza siku mbili. Juma lililofuata alichonga kamio ya kubeba kasiteriti. Hiyo inazunguka Kalima yote, na hakuna mutu anaikimbia.