Injini za karti zipigiwe kura

Nyamarambe, kule Kisii, niliwaona vijana wakishindana kuteremka mlima kwa vigari vya mbao walivyounda wenyewe. Breki ni kiatu.

Mbio za karti, vigari vya injini vinavyokimbizwa Nairobi, wallahi ni za wenye nazo. Baba akinunua injini kali zaidi, mwanawe ameshatangulia kabla ya bendera. Rotax ya Austria huzipiga injini zake lakiri fundi asizichokonoe, na kwenye fainali zao za dunia waandaaji ndio huzitoa, kila dereva akapata yake kwa kura.

Lakiri pekee haimsaidii kijana wa Nyamarambe. Injini bado ni ya kununua. Kaunti inunue chache za aina moja, zikae kwa waandaaji, zipigiwe kura kila asubuhi ya mashindano. Lamu punda wa mbio hatuwapigii kura, lakini punda hana kabureta.