Sombe ya mashine ni sombe

Mazungumzo ya kitivo chetu yanapogusa chakula, haikawii kutokea sentensi hii: "Sombe ya mashine si sombe." Huisema mwalimu aliyekulia kijijini. Huisema mwanafunzi wa kiume ambaye hajawahi kushika mchi. Na mara nyingi husemwa mbele ya msichana anayekaa katika chumba cha kukodi, mwenye mbabula moja na sufuria mbili. Wote hucheka, naye hucheka pamoja nao. Mimi ni mmoja wa wasichana hao, na leo nataka kuijibu sentensi hiyo kwa vifaa tunavyopewa humu humu kitivoni.

Tuanze na maneno yenyewe. Kabla mashine hazijaingia mjini, nani alihitaji kusema "sombe ya kinu"? Hakukuwa na nyingine. Mashine ndiyo iliyolilazimisha neno la zamani kuongezewa maelezo, kama simu ya mkononi ilivyotufanya tuanze kusema "simu ya mezani". Lakini jambo halikuishia hapo. Pita asubuhi katika soko kuu la Butembo, au Kilokwa kule Beni, usikilize. Mnunuzi akisema, "Mama, nipatie sombe ya mia tano," muuzaji hamuulizi ni ya namna gani. Anachota iliyokwisha kusagwa, anafunga, anapokea franga zake. Anayetaka majani mazima ndiye anayelazimika kuongeza neno: "majani ya sombe", au "ile ambayo haijatwangwa".

Sisi wa isimu tunajua hiyo ina maana gani. Kitu kinachotajwa kwa jina tupu ndicho cha kawaida. Kinachohitaji kuongezewa maneno ndicho cha pembeni. Jina tupu limekwisha kuhama kutoka kwenye kinu kwenda kwenye mashine. Mjadala tunaoufanya barazani, mama wa sokoni walikwisha kuumaliza bila kutuuliza.

Tazama na kitenzi. Mashine ile haina mchi unaopanda na kushuka, inasaga. Hata hivyo watu husema wanapeleka sombe "kutwangwa". Kitenzi kimebaki, chombo kimeondoka. Msemaji anajua, hata bila kwenda chuo, kwamba jambo kubwa katika kutwanga ni majani kuvunjika, si mkono kuuma.

Atakuja mtu aseme: sawa, lugha imekubali, lakini asili je? Mapishi ya mababu je? Basi tuifungue sufuria tuitazame hiyo asili. Muhogo ulitoka Amerika ya Kusini, ukaletwa Afrika na Wareno katika karne ya 16. Karanga tunazotia ndani zilitoka huko huko Amerika. Nyanya pia, na pilipili pia. Katika sufuria hiyo, mwenyeji wa Afrika ni mafuta ya mawese. Kila kimoja kati ya hivyo vingine kilikuwa kigeni siku moja, na kila kimoja kilipata jina, kikapikwa, kikawa chetu. Sijui kwa nini mashine peke yake ndiyo inyimwe haki hiyo.

Sasa niseme jinsi tunavyopika, maana wanaocheka hawajauliza. Ninakaa na wenzangu wawili. Masomo yakiisha tunapita sokoni: sombe iliyosagwa, karanga iliyosagwa, kopo dogo la nyanya, kitunguu, mawese kidogo katika chupa, na siku ya neema samaki mkavu wa Kyavinyonge. Nyumbani tunawasha makala, tunachemsha sombe peke yake kwanza, bila kufunika, na wakati inachemka tunasoma. Kisha tunatia vitunguu, nyanya, karanga, mawese na samaki. Mwishoni tunasonga bugali. Tulichokiondoa ni kazi ya kinu, ambayo kwa sombe ya watu wengi hula karibu saa nzima ya mtu mmoja. Na tusifichane: mtu huyo, katika nyumba nyingi za kwetu, ni msichana. Anayesema sombe ya mashine si sombe anaomba, bila kulisema, kwamba saa hiyo irudishwe mikononi mwa msichana. Mimi saa hiyo nina kazi nayo. Nina matini ya kunukuu, toni za kuweka alama, na mtihani.

Lakini sitetei kila njia ya mkato, na hapa nawaomba wenzangu wa chumba cha kukodi wanisikilize vizuri kuliko wale wanaotucheka. Jani la muhogo lina kemikali ambayo, jani likivunjwa, hutoa sumu ya sayanidi. Kutwanga au kusaga huianzisha kazi hiyo. Kuchemsha muda mrefu huimalizia, kwa sababu sumu hutoka pamoja na mvuke. Ndiyo sababu sufuria huachwa wazi. Mashine inaweza kuchukua nafasi ya kinu, na inasaga hata laini zaidi. Lakini hakuna kopo wala kibe cha dukani kinachochukua nafasi ya moto. Ukikosa makala ya kutosha, siku hiyo pika kitu kingine.

Nchi yetu ililipa gharama ya kutojua tofauti hiyo. Mwaka 1938 daktari Trolli alieleza ugonjwa uliopooza miguu ya watu huko Kwango. Wagonjwa walikuwa wamekula mihogo michungu ambayo haikutolewa sumu vizuri. Baadaye watafiti waliofanya kazi Bandundu walionyesha jinsi soko la Kinshasa lilivyowasukuma wakulima kupunguza siku za kulowesha mihogo, ili iuzwe haraka. Ugonjwa huo unaitwa konzo, dunia nzima, katika kila jarida la tiba. Neno hilo ni la Kiyaka, na hutaja miguu iliyofungwa. Sayansi haikupata jina bora kuliko lile walilotoa watu wenyewe, waliomwona jirani akitembea hivyo. Ndiyo faida ya lugha inayotaja mambo mapya yanapotokea, mazuri na mabaya, bila kungoja kibali.

Kuna jambo jingine linalonifanya nisicheke tena utani huu. Mama yangu anaishi Beni. Alikuwa na shamba upande wa Mbau, na sombe yetu ilitoka huko: majani mabichi, yaliyochumwa asubuhi, yakatwangwa nyuma ya nyumba. Tangu mauaji yaliyoanza Oktoba 2014, njia ya shamba ikawa njia ya kuhesabu roho. Alikwenda, akaacha, akarudi, akaacha kabisa. Leo ananunua sombe iliyosagwa, na hajui ilitoka shamba la nani. Katika mji uliojaa watu waliokimbia Eringeti na Oicha, mfuko mdogo wa sombe iliyosagwa ni chakula cha mtu asiye na shamba, asiye na kinu, na mara nyingine asiye na ua wa kukisimamisha kinu. Ukimwambia mama huyo kwamba anachowapikia watoto si sombe, umemwambia nini hasa? Umemwambia kwamba kwa kupoteza shamba amepoteza na haki ya kuita chakula chake kwa jina lake.

Kwa hiyo hoja yangu si ya jikoni tu. Inahusu kazi tunayoifanya katika kitivo hiki. Tukitumwa kukusanya msamiati wa chakula, tunakwenda kwa bibi na orodha ya maswali: kinu, mchi, ungo, chungu. Kazi hiyo ni njema, na iendelee. Wenzetu waliotutangulia wametuonyesha kiwango chake: kamusi ya Kinande na Kifaransa ya Kavutirwaki na Mutaka, iliyotolewa mwaka 2012, ni hazina ambayo kila mmoja wetu anaitumia. Lakini bibi akimaliza kutujibu hutuma mjukuu wake mashineni, na maneno ya safari hiyo hatuyaandiki. Mwenye mashine anakitaja vipi kipimo chake? Sombe iliyosagwa mara mbili inaitwaje? Ile iliyochanganywa na majani mengine, wanunuzi wanailalamikia kwa maneno gani? Kwa Kinande wanasema nini, na kwa Kiswahili nini, na ni wapi wanavuka kutoka lugha moja kwenda nyingine katikati ya bei?

Naomba walimu wetu wakubali kwamba dodoso la mwaka huu liwe na ukurasa wa mashine. Wanafunzi wawili wakae siku moja kwenye mashine moja ya Butembo, wawili wengine Beni, wasikilize na kuandika. Hakuna gharama zaidi ya nauli na daftari. Tukingoja miaka thelathini, mashine hizo nazo zitakuwa zimeitwa "asili", na mwanafunzi wa siku hizo atamtafuta bibi wa kumweleza maneno yake. Bibi huyo leo ana miaka ishirini na minne, anakaa chumba cha kukodi, na jioni hii sufuria yake iko wazi juu ya makala.