Spika zenye amplifaya ndani si za kuchunia waya

Ndugu zangu wakulima na wenye vibanda vya video, leo sisemi habari za mbolea, ila pesa inayoungua hapa ni ile ile ya mahindi.

Acheni kumlipa fundi anayechuna waya kutoka kwenye hom thieta na kuuingiza kwenye spika za studio. Spika hizi zinazochomekwa zenyewe kwenye umeme zina amplifaya ndani. Tundu lake la nyuma linasubiri volti moja au mbili tu. Pale panapobanwa waya wa spika za kawaida, amplifaya ikitoa wati 50 kwa spika ya omu 8, hiyo ni volti 20! Ikiungua, fundi atakwambia umeuziwa feki. Muuzaji naye ana lawama: anakuuzia vyote viwili bila kuuliza utaviunganisha vipi.

Hom thieta yako ikiwa na tundu lililoandikwa PRE OUT, chomeka hapo. Nyingi za bei nafuu hazina, basi iache pembeni. Toa sauti kwenye tundu la hedifoni la televisheni, au kwenye matundu mekundu na meupe ya deki. Waya wenyewe ni wa bei ndogo. Zima kila kitu kwanza, na uwashe sauti ikiwa chini.

Ukisikia mvumo, chomeka vyote kwenye ekstensheni moja. Anayekushauri ukate pini ya ethi, mfukuze. Pini hiyo ndiyo inayokukinga usipigwe shoti.