Ndovu Bustanini: Makazi au Korokoro?

Methali zetu zimempa ndovu heshima kubwa. Wapiganapo ndovu wawili, nyasi ndizo huumia. Mkonga nao haumshindi mwenyewe. Katika methali hizo ndovu yu huru, huenda atakako. Sijapata kusikia hata moja inayomwona amesimama juu ya sakafu ya saruji, akiyumbayumba kutwa kucha mbele ya watazamaji. Yamkini wahenga hawakuwahi kuliwazia jambo hilo.

Mnamo Julai 2021 shirika la Uingereza liitwalo Aspinall Foundation lilitangaza azma ya kuwasafirisha kwa ndege ndovu 13 kutoka bustani ya wanyama ya Howletts, Kent, ili waachiliwe mwituni nchini Kenya. Wizara yetu ya Utalii na Wanyamapori ilieleza wasiwasi wake, kwa maana haikuwa imeshauriwa. Nilimsimulia habari hiyo mama mmoja jirani yangu hapa Karagita, mfanyakazi wa shamba la maua kando ya Ziwa Naivasha.

"Mwanangu," akanijibu, "kiboko hutoka ziwani usiku akatutisha milangoni. Tunalala watu sita chumba kimoja. Wewe unalilia nyumba ya ndovu wa Wazungu?"

Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Aishiye jirani na mnyama wa mwitu hulipa gharama asiyoiona mtalii. Hata hivyo nilimuuliza: ingekuwaje iwapo chumba hicho hakingekuwa na mlango wa kutokea? Akacheka, kisha akasema kwamba hapo angepatwa na wazimu.

Wazimu huo umepimwa. Mwaka 2008 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Ros Clubb na wenzake, uliolinganisha ndovu majike wa bustani za Ulaya na wenzao wa Amboseli, ambako Cynthia Moss alianza kuwachunguza ndovu mwaka 1972. Nusu ya ndovu wa Afrika waliozaliwa bustanini walikuwa wamekufa kabla ya kutimiza miaka 17. Amboseli, kwa vifo vya kawaida pekee, umri huo ulikuwa miaka 56. Na hata wakijumuishwa waliouawa na binadamu, ulikaribia 36. Yaani ndovu anayewindwa kwa mkuki na risasi aliishi maradufu ya yule anayelishwa na kutibiwa kila siku! Watafiti walikiri kwamba hali bustanini ilikuwa ikiimarika. Lakini kuimarika kutoka wapi? Unene, maradhi ya nyayo na upweke si ajali ndogondogo kwa mnyama ambaye jike lake hukaa na mamaye, dada na shangazi maisha yake yote.

Nasi wanafunzi wa Kiswahili tuna lawama yetu. Tumelipokea neno "bustani" bila kulihoji, ilhali bustani ni mahali pa kustarehe. Nani anayestarehe pale? Twasema pia kwamba ndovu "hufugwa", kana kwamba ni mbuzi. (Kati ya kufuga na kufunga pana herufi moja tu.)

Kenya nayo haina mikono safi kabisa. Novemba 2005 serikali ilikubali kuipa Thailand wanyama 175 kwa ajili ya bustani ya Chiang Mai, hadi wananchi walipopinga na mahakama ikaingilia. Agosti 2019, mjini Geneva, nchi wanachama wa CITES ziliweka mipaka mikali dhidi ya kuwatoa ndovu wa Afrika mwituni na kuwapeleka bustani za ng'ambo, baada ya Zimbabwe kuuza zaidi ya 100 nchini China. Hiyo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuacha kuwazalisha humo bustanini, kwa sababu ndovu aliyezaliwa Kent hajui ukame wala simba, na kumrudisha ni bahati nasibu.

Watetezi wa bustani hudai kwamba zinaelimisha watoto. Sawa, watoto wengi niwajuao Karagita hawajamwona ndovu kwa macho. Lakini Taasisi ya Utafiti na Mafunzo ya Wanyamapori, iliyoshiriki sensa ya mwaka 2021 iliyohesabu ndovu 36,280 nchini, ina makao yake hapa Naivasha. Na ng'ambo ya Kinangop, katika msitu wa Aberdare, ndovu wapo. Linalohitajika ni basi moja na siku moja ya Jumamosi, na chama chetu kingeweza kuiandikia taasisi hiyo barua muhula huu.