Kikao cha wazazi kifuate saa za soko

Jirani na Kariakoo, wilayani Ilala, Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko husomesha watoto wasioona na wenye ulemavu wa akili pamoja na wenzao wasio na ulemavu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inawapa haki hiyo ya kusoma pamoja, na elimumsingi bila malipo ilianza 2016.

Lakini mashine ya nukta nundu ni ghali, na mzazi asiyejua maandishi hayo hawezi kukagua kazi ya mwanawe. Afundishwe, tena bure.

Machinga au mama lishe aliyeitwa kikaoni asubuhi, wateja wakiwa wamefurika, asihesabiwe mzembe. Kikao kiitishwe Jumapili alasiri, na ajenda ya kwanza iwe vifaa: vilivyopokelewa, vilivyoharibika, vinavyosubiriwa kutoka halmashauri.